Tumbo Linalovimba: Si Kila Mara Mimba, Wala Si Uchawi

Bila shaka umewahi kumpasua kuku jike aliyekuwa anataga. Ndani yake umeona viini vya mayai vimeshikana kama kichala. Kimoja ni kikubwa, kinakaribia kutoka. Vingine ni vidogo kama punje za mtama. Vingine ni vidogo hata macho hayavioni. Mahali pale panaitwa kifuko cha mayai. Kila mwanamke anavyo vifuko viwili vya namna hiyo, kimoja kulia na kimoja kushoto, chini ya kitovu, ndani ya nyonga. Mayai ya mwanamke ni madogo sana, lakini kazi ni ile ile. Mwanamume naye ana korodani mbili. Humo ndimo mbegu zake zinamotengenezwa.

Mimi ni Bwana Shamba, si daktari. Lakini ugonjwa ninaotaka kukueleza leo ni ugonjwa wa mbegu, na habari za mbegu ndiyo kazi yangu. Ni uvimbe unaoanzia katika chembe za mbegu za uzazi, na mara nyingi hukua tumboni. Ugonjwa huu ni adimu. Katika watoto 100 wenye saratani, kama 3 tu ndio wenye ugonjwa wa namna hii. Unaweza kuishi kijijini miaka mingi usiuone.

Kwa nini basi ninauandika? Kwa sababu ni mmoja wa magonjwa ya saratani yanayopona vizuri sana, mgonjwa akifika hospitali mapema. Na kwa sababu huku kwetu unafichwa na majina mengine. Binti akivimba tumbo husemwa ana mimba. Akikana, husemwa amerogwa. Wengine husema ni chango, wengine bandama. Miezi inapita, na uvimbe unakua.

MBEGU ILIYODONDOKA NJIANI

Mtoto anapoanza kuumbwa tumboni mwa mama, chembe za mbegu hazianzii mahali pake. Huanzia nje kidogo ya mwili wake, katika kifuko kinachofanana na kile cha kiini cha yai. Kutoka hapo husafiri. Hupita kando ya utumbo, hufika mgongoni, ndipo huingia mahali patakapokuwa korodani au kifuko cha mayai. Safari hiyo yote huisha kabla mimba haijatimiza miezi 2.

Wewe unajua gunia la mahindi likitoboka njiani inakuwaje. Punje zinadondoka. Nyingi zinaliwa na ndege au zinakauka. Lakini moja mbili zinaota kando ya njia, mahali ambapo hakuna aliyepanda. Sisi wakulima huziita maotea. Chembe za mbegu nazo hudondoka njiani hivyo hivyo. Nyingi hufa. Chache hubaki hai, na moja ikianza kukua bila utaratibu, huwa uvimbe. Ndiyo maana uvimbe huu huweza kukutwa katika mstari wa katikati ya mwili: mgongoni nyuma ya utumbo, karibu na kifandugu, kifuani, hata ndani ya kichwa. Hata hivyo, mara nyingi zaidi huota pale pale mbegu zilipofika, yaani katika kifuko cha mayai au katika korodani.

Sasa kuna jambo linalowatisha watu. Chembe ya mbegu ina uwezo wa kutengeneza kila kitu cha mwili. Ikikua ovyo, hutengeneza ovyo. Daktari akiupasua uvimbe wa aina moja, iitwayo teratoma, aweza kukuta nywele ndefu, mafuta, ngozi na hata meno. Ndugu wa mgonjwa wakisikia habari hiyo husema, "Tuliwaambia! Ametupiwa kitu tumboni." Usicheke, maana hata wasomi wa Ulaya walishtuka. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyeishi karne ya 19, ndiye aliyeupa uvimbe huo jina la teratoma, nalo limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya zimwi. Lakini hakuna zimwi wala mchawi. Nywele zile zimetoka katika chembe za mgonjwa mwenyewe. Tena teratoma iliyokomaa, yenye meno na nywele, kwa kawaida si saratani kabisa. Ikitolewa, kazi imekwisha.

Zipo aina nyingine ambazo ni saratani. Hizo kwa kawaida hazina meno. Zinakua haraka, kwa majuma au miezi michache, na huwapata zaidi wasichana na vijana, si wazee.

UTAUTAMBUAJE?

Tuseme ni binti wa miaka 14. Sketi ya shule ilimtosha mwezi wa pili, mwezi wa nne haifungi. Ana maumivu chini ya tumbo yanayokuja na kuondoka. Anakwenda haja ndogo mara kwa mara, au choo kinakuwa kigumu. Mikono na uso vinakonda, lakini tumbo linakua. Ukiligusa unasikia kitu kigumu kilichopanda kutoka chini, kutoka nyonga.

Hapo weka alama. Bandama ya malaria hushuka kutoka juu, chini ya mbavu za kushoto. Uvimbe wa kifuko cha mayai hupanda kutoka chini kwenda juu. Mimba nayo hupanda kutoka chini, lakini ina ratiba yake. Mimba hufika kwenye kitovu ikiwa na kama miezi mitano. Uvimbe hauna ratiba. Unaweza kufika kitovuni baada ya majuma machache.

Na hapa wazazi na walimu wanisikilize vizuri. Baadhi ya uvimbe huu hutoa katika damu na mkojo kitu kile kile kinachotolewa na mimba. Kwa hiyo binti ambaye hajamjua mwanamume anaweza kupimwa mkojo, na kipimo kikaonyesha kwamba ana mimba! Kipimo hakikusema uongo. Kimeona kitu kile, ila hakijui kimetoka wapi. Zamani Tanzania msichana wa namna hiyo angefukuzwa shule kabla hajapigwa picha. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliopata mimba warudi kusoma, nalo ni jambo jema. Lakini nyumbani fimbo na matusi havijapigwa marufuku na barua ya Wizara. Kabla hujamtukana mwanao, mpeleke apigwe picha ya tumbo kwa mashine ya altrasaundi. Haimwumizi, haimchomi, na kwa dakika chache huonyesha kama kuna mtoto au hakuna.

Kuna hatari nyingine ya haraka. Kifuko cha mayai chenye uvimbe ni kizito, nacho kimening'inia kwenye mshikizo mwembamba. Kinaweza kujizungusha na kujinyonga kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Damu haipiti tena. Maumivu huja ghafla, makali, upande mmoja, na mgonjwa hutapika. Hapo hakuna kungoja gari la kesho. Ni safari ya usiku huo huo.

Jambo ambalo silipendi hata kidogo ni kukanda tumbo. Bibi zetu wanakanda kwa nia njema, kwa mafuta ya nazi au ya mawese. Lakini uvimbe ukipasuka ndani kwa kukandwa, chembe zake humwagika tumboni kote. Chale nazo hazifiki huko ndani, huleta vidonda tu.

DAKTARI ANATAFUTA NINI

Zahanati haitautibu ugonjwa huu. Kazi ya zahanati ni kuushuku na kuandika barua ya rufaa. Hospitali ya wilaya au ya mkoa itapiga altrasaundi. Hospitali kubwa itapiga picha ya siti skani, ambayo huonyesha tumbo vipande vipande kama mkate uliokatwa. Daktari anataka kujua uvimbe umetoka wapi, umeshika nini, na kama umefika kwenye ini, mapafu au tezi za mgongoni. Wakati mwingine picha ya kawaida ya eksirei huonyesha jino limekaa katikati ya nyonga! Hapo aina ya uvimbe imejitaja yenyewe.

Halafu watachukua damu. Wanatafuta vitu viwili hasa. Kimoja ni kile cha mimba nilichokutajia. Cha pili huitwa alfa-fetoproteini. Hicho hutengenezwa na mtoto akiwa tumboni mwa mama, na baada ya kuzaliwa hupungua mpaka karibu kuisha. Kikiwa kingi kwa msichana mkubwa asiye na mimba, wakati kuna uvimbe tumboni, daktari hushuku ugonjwa huu. Ugonjwa wa ini nao unaweza kukipandisha, kwa hiyo ini huangaliwa pia. Kwa mtoto mchanga hesabu ni tofauti, maana yeye huzaliwa nacho kingi. Daktari hulinganisha na umri wake.

Damu hiyo ichukuliwe kabla ya kupasuliwa. Nitakueleza sababu yake mbele.

KISU

Ukichinja mbuzi, unajihadhari na nini zaidi ya vyote? Na nyongo. Ukiitoboa, nyama yote imeharibika. Daktari mpasuaji naye huushika uvimbe huu kwa hadhari ya namna hiyo. Hautobolewi kwa sindano ili kuonja kilichomo. Haukatwi vipande ndani ya tumbo. Hutolewa mzima. Ndiyo maana, saratani ikishukiwa, mara nyingi mgonjwa hupasuliwa mpasuo mrefu wa kutoka juu kwenda chini. Usilalamike kwamba kovu ni refu. Uvimbe mkubwa kama boga hauwezi kutoka mzima kwenye tundu la limau.

Kabla ya kuugusa, daktari huchota maji yaliyomo tumboni ili yapimwe kama yana chembe za saratani. Kisha huangalia kifuko cha upande wa pili, ini, tezi, na ule utando wa mafuta unaofunika utumbo. Penye dalili hukata kipande. Uvimbe wenyewe hupelekwa maabara, ambako hukatwa vipande vyembamba sana na kutazamwa kwa darubini. Majibu yanaweza kuchukua majuma. Yafuate, maana bila majibu hayo hakuna anayejua kama kazi imekwisha au ndiyo inaanza.

Swali kubwa la kila mama ni hili: mwanangu atazaa? Turudi kwa kuku wetu. Safari nyingine ukimpasua, angalia vizuri. Utaona kifuko kinachotaga ni kimoja tu, cha kushoto. Cha kulia hakikukua. Na kwa hicho kimoja anajaza kiota! Msichana akitolewa kifuko kimoja chenye saratani pamoja na mrija wake, hubaki na cha pili na mji wa mimba wake. Ataendelea kupata hedhi, na anaweza kuzaa. Saratani hii haifanani na ile ya wanawake wazee. Hata ikiwa imeanza kusambaa, mara nyingi madaktari huweza kuacha mji wa mimba na kifuko kizima, kwa sababu dawa huifuata vizuri. Kama ni ile teratoma isiyo saratani, mara nyingi humenywa peke yake na kifuko chenyewe kikabaki. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi karatasi ya kukubali kupasuliwa, muulize daktari: mnatoa nini, mnabakiza nini? Ni haki yako. Hatakasirika.

WAVULANA NA KORODANI ISIYOSHUKA

Wafugaji mnajua habari hii kuliko mimi. Beberu au dume la nguruwe mwenye korodani moja hatunzwi kwa mbegu. Ile ya pili haikupotea. Imebaki tumboni.

Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Korodani hutengenezwa juu tumboni, kisha hushuka kabla mtoto hajazaliwa. Katika wavulana 100 waliozaliwa kwa miezi yao kamili, kama 3 huzaliwa moja haijashuka. Wengi wao hushuka zenyewe miezi ya mwanzo. Ikifika miezi 6 haijashuka, haitarajiwi tena kushuka yenyewe. Mtoto apelekwe hospitali, na upasuaji wa kuishusha ufanywe akiwa kati ya miezi 6 na 18. Korodani iliyobaki tumboni hukaa katika joto lisilofaa, na ndiyo hasa huweza kuota saratani kijana anapofika miaka 20 au 30 au 40. Kuishusha mapema hupunguza hatari hiyo, ingawa haiiondoi yote. Pia huiweka mahali ambapo kijana anaweza kuipapasa na kujua kama ina uvimbe.

Mama, unapomwogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu, papasa. Ziko mbili? Kwenye baridi hupanda kidogo zikashuka tena, hilo si ugonjwa. Ukikuta mfuko mtupu upande mmoja kila siku, sema kliniki siku ya kupima uzito. Wanaume wengi hukua na siri hii mpaka uzeeni kwa aibu. Kijana akienda hospitali kwa uvimbe wa tumbo, daktari atataka kumwangalia na chini pia. Amwache aangalie. Huenda jibu la tumbo liko huko.

Watoto wachanga wana namna yao. Wachache huzaliwa na uvimbe kwenye kifandugu, mwisho wa uti wa mgongo. Ni kama mtoto mmoja katika watoto 35,000 au 40,000, na wasichana ni wengi zaidi. Uvimbe mwingine unaonekana nje, mwingine umejificha wote ndani ya nyonga, ukimzuia mtoto kwenda choo. Huo wa ndani ndio hucheleweshwa, na kuchelewa kuna hatari. Miezi 2 ya kwanza mara nyingi si saratani, baadaye hatari hupanda sana. Anayeupasua lazima aondoe na kifandugu chenyewe. Daktari Robert Gross wa Boston, Marekani, na wenzake walionyesha mwaka 1951 kwamba kifandugu kikiachwa, uvimbe huota tena. Ni kama kung'oa mhogo ukaacha shina ardhini.

DAWA ILIYOGEUZA MAMBO

Upasuaji peke yake hautoshi kila mara. Na hapa kuna hadithi ninayoipenda. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan State huko Marekani, alikuwa anapitisha umeme katika chombo chenye bakteria. Alishangaa kuona bakteria wameacha kugawanyika. Alipochunguza, alikuta si umeme uliowazuia. Ni nyaya zake, zilizotengenezwa kwa madini ya platinamu, ambazo zilikuwa zinayeyuka kidogo kidogo. Akajiuliza: kama inazuia bakteria kuongezeka, je, saratani? Ndivyo ilivyopatikana dawa iitwayo sisiplatini.

Mwaka 1974 daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza kuitumia pamoja na dawa nyingine kwa vijana wenye saratani ya korodani iliyosambaa. Kabla ya hapo, katika wagonjwa 10 wa namna hiyo, aliyepona hakuzidi mmoja. Baada ya dawa hizo, walianza kupona karibu 8 katika 10. Marekani iliiruhusu rasmi mwaka 1978. Siku hizi hutiwa mshipani pamoja na dawa nyingine mbili, kila baada ya majuma 3, kwa kawaida mara 3 au 4. Nywele hukatika, kisha huota tena. Mgonjwa hutapika, lakini zipo dawa za kutuliza. Figo na masikio yaweza kuumia, ndiyo maana hutiwa maji mengi na hupimwa damu kila mara. Asitoroke katikati. Dawa iliyoachwa nusu ni sawa na kupalilia nusu ya shamba.

Uvimbe ulioota nyuma ya utumbo, kwenye mishipa mikubwa ya damu, kwa kawaida huanza na dawa hizi. Ukisinyaa, kinachobaki hutolewa kwa upasuaji. Hiyo ni kazi ya saa nyingi kwa daktari mzoefu. Tanzania saratani hutibiwa katika Taasisi ya Ocean Road na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, Bugando huko Mwanza na KCMC huko Moshi. Ukishindwa gharama, usirudi nyumbani kimya kimya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii iliyomo hospitalini. Barua ya mtendaji wa kijiji inaweza kukusaidia hapo.

Nimesema nitaeleza sababu ya kuchukua damu kabla ya kupasuliwa. Uvimbe ukiisha wote, ile alfa-fetoproteini hupungua nusu kila baada ya siku 5 hadi 7. Tuseme ilikuwa 1,600 siku ya upasuaji. Baada ya wiki moja itegemewe kuwa kama 800, ya pili 400, ya tatu 200, na wiki ya saba iko karibu 12. Ikikataa kushuka, au ikashuka kisha ikapanda, ujue kuna kipande kimebaki mahali, hata kama tumbo ni laini na binti anacheza rede. Daktari atajuaje imeshuka, kama hajui ilianzia wapi?

Kwa hiyo mgonjwa aliyepona huendelea kuitwa kupimwa, mwaka wa kwanza mara kwa mara, kisha kwa nafasi. Kila safari aende na karatasi zake zote: barua ya rufaa, maelezo ya upasuaji, majibu ya maabara, na namba za damu pamoja na tarehe zake. Ziwekeni katika sanduku la bati, mbali na mchwa na panya, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.